Hodi ya Elwin

Dirisha la jiko lilifungwa kabla mkutano haujaanza, kama lilivyofungwa kila mwaka, ili makelele ya sufuria yasiwasumbue wasemaji. Lilikuwa dirisha la kupitishia chakula, lenye kibao cha mbao kinachoteremshwa kutoka juu. Arlene Gagnon alikivuta kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa na unga, akahakikisha kimekaa sawa. Upande wa pili wa kibao ulikuwa ukumbi wa mji wa Marden, viti vyake vya kukunja, bendera, na watu waliokuwa wakikung'uta theluji kwenye viatu. Upande huu kulikuwa na joto, maharage yaliyolala ndani ya oveni tangu jana, mapaja mawili ya nguruwe, pai za tufaha zilizopangwa hadi juu ya friji, na wanawake saba.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Siku hiyo watu wa Marden, kama watu wa miji mingine midogo ya milima ya Vermont, hujitawala wenyewe. Gharama ya kuzoa theluji, kokoto za barabara ya juu, nani atashika mbwa wanaozurura, yote husemwa kwa mdomo, mtu amesimama mbele ya jirani zake, na huamuliwa papo hapo kwa sauti au kwa kusimama na kuhesabiwa. Asiyefika hana haki ya kunung'unika mpaka Machi nyingine, ingawa hunung'unika vilevile.

Mwaka huu hoja zilikuwa nyingi, lakini iliyowatoa watu majumbani kwenye barafu ilikuwa ya kumi na moja: je, mji wa Marden unakubali shule yake ifungwe, na watoto wapelekwe ng'ambo ya mlima, Ashford Falls? Orodha ya hoja ilibandikwa posta tangu Januari, na kila aliyeisoma alijua kwamba ya kumi na moja itafikiwa baada ya chakula cha mchana. Arlene naye alipanga kazi yake hivyo. Chakula kitoke saa sita, aproni zivuliwe, kisha wote saba wakakae mstari wa mbele.

Hakuwa msemaji. Katika miaka yote aliyohudhuria mikutano alisimama kusema mara moja tu, tena kuuliza nani ameegesha gari mbele ya mlango wa jiko. Lakini safari hii alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa mjukuu wake.

Odette alikuwa na miaka saba. Mama yake, binti wa Arlene, aliondoka kwenda kusini akisema atarudi kabla ya majira ya joto, na majira ya joto yakaja na kupita. Tangu hapo mtoto akawa hasemi na mtu isipokuwa bibi yake, na hata huyo husema naye ndani ya nyumba tu, mlango umefungwa. Mwaka mzima alikaa shuleni bila kutoa sauti. Mwalimu Bernice Haskell hakumlazimisha. Alimweka karibu na dirisha, akamruhusu kulifungua apendapo, akampa kazi ya kulisha kobe wa darasa, akamwacha. Kabla ya Krismasi Odette alimsomea kobe ukurasa mmoja. Januari alimwomba mwenzake penseli. Wiki iliyopita alibishana na mtoto mwingine juu ya zamu ya bembea, na Mwalimu Haskell alipiga simu kwa Arlene kumweleza ugomvi huo kama anayetoa habari za harusi.

Shule ya Marden ilikuwa na watoto wasiojaza basi moja. Ile ya ng'ambo ilikuwa na mamia, na basi la kwenda huko lingepita kuchukua watoto kungali giza. Arlene alijua kwamba kobe, penseli na bembea haviingii kwenye hesabu za bodi ya shule za wilaya. Alitaka tu majirani wavisikie kabla ya kusimama na kuhesabiwa.

"Usiseme sana," alimwonya Bi Hazel Whitcomb, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. Bi Hazel alikuwa na zaidi ya miaka themanini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu alichoshika. "Watu wakishashiba husikiliza kidogo, halafu husinzia. Sema, kaa chini, wape pai."

"Na nikilia?"

"Ukilia wataangalia viatu vyao. Wanaume wa hapa wanaogopa machozi kuliko dubu. Lia kidogo, mwanangu. Ila usitie kamasi."

Wanawake walicheka. Noreen Pratt, aliyekuwa akikata kabichi, alisema afadhali Arlene apeleke maharage kule mbele yakazungumze badala yake, kwa maana hakuna mtu Marden aliyewahi kuyapinga. Kazi ikaendelea. Nje ya kibao sauti ya Royce Gagnon ilisikika kwa mbali, nzito na ya taratibu, ikitaja hoja moja baada ya nyingine. Royce alikuwa mwenyekiti wa mkutano kwa miaka mingi, na alikuwa shemeji yake Arlene, mdogo wa marehemu mumewe. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka, na kwa sababu aliweza kumnyamazisha mtu bila kumvunjia heshima.

Kuhusu kupiga kura, wanawake wa jikoni walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kura yoyote nzito, kibao kiligongwa mara mbili kwa kifundo cha kidole, na sauti ikasema: "Akina mama, mnatakiwa." Wao hupangusa mikono, huingia ukumbini na kujipanga ukutani na aproni zao, hupiga kura, hurudi kwenye masufuria. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Ulikuwepo tu, kama jiko lenyewe.

Kitu cha kushangaza, kila Arlene alipokuja kuifikiria siku hiyo baadaye, ni kwamba waliuona ukimya na hawakuuelewa. Noreen ndiye aliyesema, akimimina siki kwenye kabichi, kwamba leo hata hodi moja hawajaisikia. Arlene akajibu kwamba huenda bado wanagombana juu ya kokoto. Mwaka juzi kokoto zilikula asubuhi nzima. Kwa upande wa pili kulisikika kishindo cha watu wengi wakisimama, kisha wakikaa, kisha wakisimama tena, na mmoja wa wanawake akasema wazee wananyoosha miguu. Wakaendelea kupaka siagi kwenye mikate.

Mlango wa nyuma ulifunguka, baridi ikaingia, na nyuma yake akaingia Mwalimu Haskell. Hakuwa na koti. Alikuwa ameuzunguka ukumbi mzima kwa nje, kwenye theluji, na viatu vya ndani.

Alisema imekwisha. Arlene hakuelewa, akamuuliza nini kimekwisha. Mwalimu akasema ya kumi na moja. Wameipitisha. Shule inafungwa Juni.

Ilichukua muda kuyapata yote kutoka kwake, kwa sababu meno yalikuwa yakigongana. Mjumbe wa bodi ya wilaya, bwana mmoja mpole aitwaye Curtis Dole, alikuwa amekuja kujibu maswali. Redio ikatangaza tufani mlimani alasiri, na bwana huyo akaomba aondoke mapema. Hivyo Royce akawauliza watu kama kuna pingamizi hoja ya kumi na moja ikisogezwa mbele, ijadiliwe sasa hivi. Akasubiri. Akatazama ukumbi mzima, kulia na kushoto. Hakuna aliyepinga. Mjadala ulikuwa mfupi. Mtu mmoja alizungumzia kodi, mwingine kodi, wa tatu paa la shule linalovuja. Mwalimu Haskell mwenyewe alinyoosha mkono, lakini yeye alikuwa mkazi wa mji wa jirani. Asiye mkazi hukaa kwenye viti vya pembeni, na hasemi mpaka wakazi wamruhusu. Royce aliwauliza wakazi. Hawakumruhusu. Walipopiga kura kwa sauti haikujulikana nani ameshinda, basi wakasimama wakahesabiwa. Wanaotaka kufunga waliwazidi wenzao kwa watu wanne.

"Mbona hatukubishiwa?" Noreen aliuliza.

Bi Hazel aliweka kisu chini.

"Nani angebisha?" alisema. "Elwin tulimzika Oktoba."

Elwin Stacy, askari wa mji, alianguka akipasua kuni nyuma ya nyumba yake, na alikuwa amekwisha kukata roho jirani walipofika. Kwa kadiri walivyoweza kukumbuka, yeye ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha la jiko na kuinuka kila kura ilipokaribia. Hakuteuliwa na mtu kufanya hivyo. Na Arlene, ambaye alipika chakula cha mazishi yake katika jiko hilihili, akalisha mji mzima supu na sandwichi, akaosha vyombo mpaka vya mwisho, hakuwahi kujiuliza ni nani sasa atakayebisha hodi. Alimlilia Elwin. Hodi yake hakuikumbuka.

Mwalimu Haskell alisema, huku akitazama sakafu, kwamba alitaka kwenda kuwagongea. Alikuwa karibu na kibao kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini aliogopa itasemwa mwalimu anaita wapiga kura wa kumtetea mshahara wake.

Arlene alikwenda kwenye dirisha akakisukuma kibao juu. Kiligonga juu kwa kishindo, na watu wote ukumbini wakageuka. Walikuwa kwenye hoja ya tano, gari la zimamoto.

Alimwita mwenyekiti. Royce aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake na kuuliza kama jiko lina la kusema, na baadhi ya watu wakacheka, kicheko cha kirafiki cha watu wenye njaa waliosikia harufu ya chakula. Arlene alisema anaomba warudi kwenye hoja ya kumi na moja. Watu saba wenye haki ya kupiga kura walikuwa humu ndani na hawakuitwa.

Kicheko kilikatika. Hata waliotaka shule ifungwe walitazamana. Mtu mmoja nyuma alisema si vibaya wakapewa nafasi. Royce alivaa miwani, akafungua kitabu cha sheria kilichokuwa mezani kwake na kuwasomea polepole. Mkutano ukishaianza hoja nyingine, ile iliyoamuliwa haiguswi tena katika mkutano huo. Na walikuwa wamekwisha kulianza gari la zimamoto. Alifunga kitabu na kumtazama shemeji yake kwa uso wa huzuni, na Arlene, ambaye alimjua tangu akiwa kijana asiyejua kufunga tai, hakuweza kusema kwamba huzuni ile ilikuwa ya uongo.

"Hata mimi nikitaka, siwezi," Royce alisema.

Wakaendelea na gari la zimamoto.

Saa sita ikafika na chakula kikatoka. Ingekuwa rahisi kusema kwamba wanawake wa jikoni walikataa kugawa, lakini hawakukataa. Chakula kilikuwa kimepikwa, watu walikuwa na njaa, na fedha ya chakula hicho ilikuwa ya safari ya watoto wa shule, kama kila mwaka. Arlene alisimama kwenye sufuria ya maharage na upawa, na Marden nzima ikapita mbele yake na sahani. Alimpa kila mtu kiasi kilekile. Wengine walimwambia pole. Wengine walisifu harufu. Walioipigia kura hoja ile hakuweza kuwatambua kwa nyuso, na hilo lilimuumiza zaidi ya alivyotarajia: kwamba majirani wa maisha yake yote walishika sahani zao namna moja, wenye hatia na wasio na hatia.

Royce alifika karibu wa mwisho, kama ilivyompasa mwenyekiti.

"Shemeji," Arlene alisema, akiushikilia upawa hewani. "Ulijua tuko jikoni."

"Mko jikoni kila mwaka."

"Ulipouliza kama kuna pingamizi, ulitazama kulia na kushoto. Mwalimu ameniambia. Huku hukutazama?"

Nyuma yake mstari ulisimama, na watu wakajifanya wanasoma tangazo la chanjo ya mbwa.

"Nilitazama," alisema.

"Ukaona nini?"

"Niliona kibao kimefungwa. Nikangoja. Nilingoja kuliko kawaida, Arlene, muulize yeyote. Nikadhani Elwin..." Akahamishia sahani mkono wa pili. "Kisha nikakumbuka. Lakini nilishauliza, na hakuna aliyepinga. Mwenyekiti hawezi kujipinga mwenyewe."

"Ungeweza kusema, jamani, kuna watu jikoni."

"Nikisema hivyo kila mtu anajua kura zenu zinakokwenda, na mimi ni shemeji yako. Wangesema Royce anaita watu wake." Alishusha sauti. "Sikuwafungia mlango. Mlango ulikuwa wazi."

"Ndiyo," Arlene alisema. "Ulikuwa wazi."

Alimpa maharage, kiasi kilekile. Royce alisema wanaweza kukusanya sahihi, sheria inaruhusu hoja irudishwe kwa sahihi za wananchi. Arlene akamuuliza kama si kweli kwamba bodi ya wilaya inakutana jioni hii. Royce akakiri inakutana. Na wakishapata ridhaa ya Marden, watasubiri sahihi? Royce alisema hadhani. Akachukua mkate, akaenda kukaa peke yake, ingawa kulikuwa na nafasi kwenye meza nyingi.

Hasira ya Arlene ilimsaidia kuosha vyombo. Mkutano ulianza tena ukumbini, kibao safari hii kiliachwa wazi kabisa, na yeye akawa anazungumza kwa sauti ya chini na sinki. Alikuwa akipiga hesabu. Walipungukiwa watu wanne, na jikoni walikuwa saba. Wangeitwa, shule ingebaki, tena kwa watu watatu zaidi. Aliirudia hesabu hiyo, na kila alipoirudia ilimpa kitu kama faraja, kwa sababu kosa lililo wazi linaweza kubebwa. Alisema atamwandikia mwakilishi wa jimbo. Atakwenda gazetini. Atasema watu saba.

"Usinihesabu mimi," Bi Hazel alisema.

Alikuwa bado kwenye kigoda chake, akikausha vijiko kimoja kimoja. Arlene alidhani anatania.

"Sitanii. Kodi ya shule inakula pensheni yangu kuliko kuni. Wanangu walitoka kwenye ile shule kabla wewe hujaolewa. Nilikuwa nimeshaamua, mwanangu. Ningesimama na wale. Nilikuwa naomba tu usiwe unaniangalia."

"Umemenya viazi kando yangu asubuhi nzima," Arlene alisema. "Umenifundisha kulia."

"Nilitaka ulie vizuri. Hilo halina kura."

Maji ya sinki yalikuwa yakitiririka. Arlene aliyafunga. Sita basi, alisema, sita bado wanatosha, lakini hapohapo aliona kwamba wanatosha kwa shida tu. Bi Hazel akihamia kule, wale wanakuwa watano zaidi, na wao wa jikoni wanabaki sita. Ushindi wa mtu mmoja. Alimgeukia Noreen ili Noreen aseme chochote, hata mzaha. Noreen alikuwa ameinamia sufuria ya maharage, akiisugua kwa nguvu mahali palipokwisha kung'aa. Noreen alikuwa na shamba la mumewe, lenye ardhi nyingi ya kulipiwa kodi ya shule na ng'ombe wasiolipa. Hakuinua kichwa.

Arlene hakumuuliza. Angeweza kumuuliza. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, katika shule hiyohiyo. Lakini aliona kwamba akiuliza atajibiwa, na akijibiwa hatakuwa na lolote la kumpelekea mtu wa gazeti, wala la kulala nalo. Alifungua maji tena. Hodi ingekuja, wangepangusa mikono, wangeingia na kujipanga ukutani, na angesimama pale na aproni yake kumwona Bi Hazel akiinuka upande wa pili. Pengine na Noreen. Hakujua, na sasa hatajua kamwe, kama alinyang'anywa kitu au alifichwa kitu.

Mwalimu Haskell alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Alikuwa mgeni hata pale.

Saa tisa hivi theluji ilikuwa inaanguka mfululizo, na mkutano ulifika kwenye hoja ya mwisho, ile ya mengineyo. Hapo ndipo mtu mmoja husimama kila mwaka na kupendekeza kwamba mkutano utoe shukrani kwa akina mama wa jikoni. Mwaka huu alisimama mwenye duka la vyakula vya mifugo. Alisema maharage hayajawahi kuwa laini namna ile, na kwamba anajua siku imekuwa ngumu kwa baadhi yao, na kwamba Marden ni Marden. Watu walipiga makofi. Wengi walisimama, wakageukia dirisha la jiko na kuendelea kupiga makofi, kwa muda mrefu kuliko miaka mingine. Arlene, aliyekuwa amekuja kusimama kwenye mlango wa ukumbi huku akijipangusa mikono, aliona kwamba wanayapiga kwa moyo wote, na kwamba wanajisikia vizuri wakiyapiga.

Royce aliwauliza wanaokubali. Ukumbi ulijibu ndiyo kwa sauti moja iliyotikisa vioo. Kisha akauliza wanaokataa, kwa sababu sheria inataka iulizwe, na nyundo yake ya kugongea meza ilikuwa tayari inashuka.

"Hapana," Arlene alisema.

Hakuisema kwa nguvu. Nyundo ilisimama hewani. Vichwa viligeuka taratibu, na makofi ya mtu mmoja aliyekuwa hajasikia yakaendelea kidogo, yakafa. Bi Hazel, kwenye dirisha, alitazama vijiko vyake.

Royce alisema kwamba mpiga kura ana haki ya kueleza sababu, kama anapenda. Alisema kwa upole. Alikuwa akimfungulia mlango, na Arlene alijua hivyo. Angeweza sasa kuwaeleza juu ya Odette, wote wangesikiliza, na wengine wangeangalia viatu vyao, na hakuna ambacho kingebadilika ila kwamba wangekuwa wamesikia na kumhurumia, na wangerudi nyumbani na huruma yao.

"Sina sababu," alisema. "Nimepiga kura."

Karani wa mji aliandika. Royce akatangaza kwamba waliokubali wameshinda, akagonga nyundo, mkutano ukafungwa, na watu wakaanza kukunja viti kwa haraka isiyokuwa ya kawaida. Hawakumkaribia. Siku zilizofuata wengi Marden walikuja kumlaumu zaidi kwa kura ile kuliko walivyomlaumu mtu yeyote kwa ile nyingine. Ya shule ilikuwa siasa, walisema, na siasa ina pande mbili. Lakini kukataa asante, tena ya mji mzima, mbele ya wageni.

Alimaliza vyombo, akapita kwa jirani kumchukua Odette, ambaye siku ya mkutano huwa haendi shule. Theluji ilikuwa imeshaifunika pikapu upande mmoja. Mtoto alipanda, akajifunga mkanda, akanusa nguo za bibi yake zilizokuwa zikinuka siki na nyama. Arlene hakuwasha gari. Alimwambia moja kwa moja, kwa maana hakujua njia nyingine. Kwamba shule itafungwa. Kwamba baada ya majira ya joto atakwenda na basi hadi ng'ambo ya mlima, kwenye shule kubwa, na Mwalimu Haskell hatakuwepo huko.

Odette alitazama mbele, mahali ambapo kioo kilikuwa cheupe kabisa na hakuna kilichoonekana. Arlene alingoja huku akiubana ufunguo mkononi mpaka meno ya ufunguo yakaacha alama kwenye kiganja.

"Madirisha ya basi yanafunguka?" Odette aliuliza.

Arlene alisema hajui. Alisema ataulizia. Kisha akashuka na brashi ili aondoe theluji kwenye kioo, akaanza upande wa dereva, na alipofika upande wa mtoto aliifanya kazi polepole sana, kwa sababu hakuwa tayari kuonana naye uso kwa uso.